Kiti cha Ndani

3 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa sababu simu yako anapokea binti yako, na kila nikipiga ananiambia umelala. Mara ya nne nikasema hapana, dada ninayemjua mimi halali saa nne asubuhi hata akiwa anaumwa. Nikaenda kununua karatasi na bahasha.

Mimi mzima. Lifti za hospitali bado zinanitoa jasho. Ile ya kubebea wagonjwa imegoma tena, siku mbili nimeshinda kule juu kwenye chumba cha mota, mgongo umekauka kama ubao. Lakini Jumamosi sikosi mazoezi ya okestra. Tuko bado kwenye ukumbi ule ule wa shule, na viti vile vile vya watoto, ukikaa magoti yanakuja kifuani na selo, fidla kubwa kama mtu, inakukaba kidevu. Mwalimu bado anatupigia hesabu kwa sauti kama tuko darasani. Daktari wa Meno bado anapiga fidla kama anang'oa. Wale Mapacha wa nyuma yetu, ambao si ndugu wala hawafanani, wamenunua upinde mpya wa selo kila mmoja na sasa hawasalimii watu.

Kiti chako cha mbele Mwalimu amenikalisha mimi. Kwa muda, kasema. Kiti changu cha ndani, cha ubavuni mwake, kimebaki wazi, kwa hiyo hakuna wa kunifunulia kurasa wala wa kuandika alama kwa penseli. Nafunua mwenyewe, na kila nikifunua, wenzangu wameshaondoka.

Watu wanakuulizia. Nawaambia umekwenda kumwona mjukuu. Sijui kama ni kweli. Uliondoka Januari bila kuaga, selo ukaiacha kwa Mwalimu kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Kama ni kwa sababu ya lile jambo la Novemba, dada, lile lilikuwa jambo dogo. Kila mtu anakosea. Niandikie.

Mdogo wako,
Lifti


12 Machi

Mdogo wangu Lifti,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Naijibu huku nikinakili maneno yangu kwenye daftari, ili siku nikikuandikia tena nisikurudie yale yale. Ndivyo ninavyoishi siku hizi. Usicheke.

Umeliita jambo dogo. Acha nikusimulie nilivyoliona mimi. Wiki mbili kabla ya onyesho Mwalimu aliona ule wimbo wa polepole ni mrefu mno, akasema tukifika mwisho wa mstari wa nne turuke hadi mstari wa pili kutoka chini. Nikakwambia andika, maana karatasi yetu ni moja na mwenye penseli ni wewe. Ukaandika RUKA kwa herufi kubwa, ukazungushia duara. Niliona kwa macho yangu. Siku ya onyesho nikafika mwisho wa mstari wa nne, hakuna kitu. Karatasi nyeupe. Unanijua, mimi nashona palipochorwa. Nikaendelea mbele, peke yangu, ukumbi mzima umenyamaza unanisikiliza mimi, mpaka Mwalimu akashusha mikono na okestra yote ikaanza upya.

Mapumziko nikarudi kuitazama ile karatasi. RUKA ipo. Na duara lake. Nikakuuliza, hii ilikuwepo? Ukanijibu, "Ipo tangu siku ile, dada."

Nakushukuru kwa jibu hilo. Wengine walinifariji, oh taa hafifu, oh umechoka. Wewe peke yako uliniambia ukweli.

Sasa nikueleze kwa nini si dogo. Mama yangu, ambaye wewe hukumjua, alipoteza akili akiwa na miaka hamsini na saba. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Mwaka wa tatu akawa ananiita mimi shangazi, na alikufa hanijui. Mimi nilitimiza hamsini na saba Oktoba. Novemba nikaona karatasi nyeupe mahali palipoandikwa.

Nikaenda kwa daktari. Akanipima, akanichoresha saa, akaniuliza leo siku gani, mwisho akasema sina kitu. Nikamwambia daktari, wewe una vipimo, mimi nina shahidi aliyekaa ubavuni mwangu. Tangu hapo nimeanza kujichunguza, na mtu akijichunguza hakosi. Nimesahau pini mdomoni. Nimemwita mteja kwa jina la dada yake. Kitambaa cha mtu sikikati tena. Duka la ushonaji namwachia fundi mwenzangu mwisho wa Aprili, ndiyo maana niko huku kwa binti.

Mjukuu ana miezi miwili. Sijambeba hata siku moja. Naogopa nitamweka mahali nisahau nimemweka. Anapolia nakaa namtazama, mikono nimeikalia. Binti anarudi kazini tarehe nne Mei na alitegemea nibaki na mtoto. Nimemwambia siwezi. Tangu siku hiyo tunaongea kuhusu chakula tu.

Wasalimie wote. Hao Mapacha waambie upinde mpya haupigi wenyewe.

Dada yako,
Fundi Cherehani


20 Machi

Dada,

Barua yako nimekaa nayo siku nne mfukoni mwa ovaroli. Imepata mafuta ya mashine kidogo pembeni, nikiisoma inanukia kazi.

Mbebe mtoto, dada. Kaa chini, kwenye mkeka, umbebe. Ukiwa umekaa chini hakuna pa kumwangusha. Na duka usimpe mtu bado. Daktari kasema huna kitu, na yule kasoma miaka mingi kuliko umri wa okestra yetu. Sisi ni nani wa kumbishia? Mimi nimeishia darasa la nane na ufundi. Ushahidi wangu hata polisi hawaupokei.

Pini mdomoni hata mafundi wazima wanasahau. Mimi juzi nimetafuta bisibisi nusu saa, nimeibana kwapani.

Mwalimu amenipa kile kipande cha selo peke yake kwa onyesho la Juni, kile ambacho ungepiga wewe. Najaribu. Naanza vizuri, halafu katikati nakwama.

Kuna jambo nilitaka nikwambie lakini naona si la kuandika. Tukionana. Wewe mbebe tu mtoto, na duka lisubiri.

Mdogo wako,
Lifti


29 Machi

Lifti,

Nitakwambia kitu na usinune. Barua yako imeniudhi.

Unaniambia nisubiri. Nisubiri nini? Mama alisubiri. Tulimwambia si kitu, mama, ni uchovu, mpaka siku moja akamwacha mtoto wa kaka yangu kwenye ngazi za posta akarudi nyumbani peke yake, anaimba. Alikuwa na miaka minne, mtoto yule. Aliletwa na mtu asiyemjua. Hukulijua hilo, kwa sababu silisemi. Sasa unalijua. Usiniambie tena nikae kwenye mkeka.

Na usijifanye hujui. Wewe ulikaa kiti cha ndani, karatasi ilikuwa mbele yako kama ilivyokuwa mbele yangu. Ungekuwa na shaka ungesema siku ile. Hukuwa na shaka. Ulinijibu kama mtu anayesoma tarehe kwenye kalenda. Jibu lako lilinitia akili, kama bado ninayo ya kutiwa.

Binti ameandika barua ya kuacha kazi. Iko juu ya kabati, hajaipeleka. Mume wake yuko mbali na kazi zake, hapa tuko watatu, na mmoja hawezi kumbeba mwingine. Kazi ile aliitafuta miaka sita. Jana nimemsikia bafuni amefungulia maji ili nisimsikie analia. Nimemsikia. Masikio bado yapo.

Fundi mwenzangu anakuja na karatasi za duka tarehe ishirini na nane Aprili. Nitasaini.

Kama una jambo la kusema, karatasi zimejaa madukani.

Dada


6 Aprili

Dada,

Ukae kwanza.

Ile RUKA haikuwepo. Hukukosea kuona. Uliona karatasi nyeupe kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe. Niliifuta mimi.

Unajua zile nota hazikuwa zetu. Tuliazimwa na okestra ya mji mwingine kwa sharti zirudi safi, bila alama hata moja ya penseli. Wiki ile ya onyesho Mwalimu alimpa kila mwenye kiti cha ndani jalada la karatasi zake, akasema anzeni kufuta nyimbo tulizokwisha kuzimaliza, zile za onyesho mziache. Mimi nikafutia kule juu kwenye chumba cha mota, muda wa chakula, mkono mmoja ufutio, mkono mwingine mkate. Sikutazama ipi tumemaliza na ipi bado. Nikafuta zote. Nikapuliza uchafu, nikafunga jalada, nikaenda kufungua lifti.

Ulipoendelea peke yako ndipo nikajua. Mapumziko ulitoka kunywa maji, nikachukua penseli nikaandika upya, pale pale, na duara. Nilifikiri nakusaidia. Uliporudi ukauliza, nikashikwa na aibu, nikakwambia ipo tangu siku ile. Neno limeshatoka, sikujua kulirudisha.

Ni uzembe, dada. Uzembe wa mtu mmoja mwenye njaa na ufutio. Akili yako haina kasoro. Usisaini kitu. Binti asipeleke ile barua. Nisamehe.

Mdogo wako,
Lifti


14 Aprili

Wewe fundi wa lifti,

Siku ya kwanza niliposoma nilicheka mpaka binti akaja mbio. Siku ya pili sikuweza kula. Siku ya tatu nikakaa na barua yako na daftari, nikaikagua kama nguo iliyoletwa na mteja anayesema imechanika yenyewe.

Unasema hukujua mpaka nilipoendelea peke yangu. Lakini wewe uliruka. Tulikuwa tunasoma karatasi moja. Mimi niliendelea, wewe ukaruka, na uliruka vizuri, hukusita. Utasema ulikuwa umeikariri. Haya, tuseme umeikariri.

Kabla ya ule wimbo Mwalimu aliongea na watu. Unamjua akipewa watu wa kuongea nao. Alieleza wimbo umetoka wapi, nani kautunga, alikuwa na watoto wangapi. Karatasi ilikuwa wazi mbele yetu muda wote huo. Mimi nilikuwa nimeinama, nakaza ule mguu wa chuma wa selo kwa sababu ulikuwa unateleza sakafuni. Nikainua kichwa nikakuona umeikodolea macho karatasi. Nikakuuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, umeona jina lako gazetini?" Ukaniambia hakuna kitu. Ulikuwa umevaa shati la bluu lenye kola iliyogeuzwa, kola niliyoigeuza mimi. Penseli ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Nakumbuka, Lifti. Unaona? Nakumbuka yote.

Umeniletea nusu. Nataka nusu nyingine.

Mshonaji


19 Aprili

Dada,

Sina haki ya kukuita hivyo ila sijui nikuiteje.

Nilijua. Mwalimu alipoanza kuongea nilitazama karatasi nikaona mwisho wa mstari wa nne hauna kitu. Palibaki alama ya ufutio tu, kama doa la maji. Nikajua hapo hapo nimefuta mimi. Penseli ilikuwa mfukoni. Mwalimu aliongea dakika mbili, labda tatu. Ningeweza kuandika RUKA hamsini. Ningeweza hata kukunong'oneza.

Ukaniuliza nimeona nini. Nikasema hakuna kitu. Sikusema kwa bahati mbaya.

Kwa nini. Nimejiuliza miezi mitano, na kila mara napata sababu nzuri zaidi kuliko ile ya kweli. Ya kweli ni hii. Alhamisi ya wiki ile nilimfuata Mwalimu shuleni nikamwomba kiti cha mbele kwa mwaka unaofuata. Nikamwambia nina miaka kumi na mmoja kwenye kiti cha ndani, nafunua, naandika, nafuta. Akanijibu kwa upole kwamba kiti kile ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe. Na Jumamosi kabla yake, wakati wa chai, uliwaambia watu selo yangu ni kama lifti zangu, inapanda inashuka halafu inakwama katikati na watu ndani. Wakacheka. Daktari wa Meno alimwaga chai. Mimi pia nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Nikarudi nyumbani nao ule mzaha kifuani.

Kwa hiyo nilipoona pale hapana kitu, nikasema moyoni, leo na yeye akwame kidogo. Kidogo tu. Nilidhani utapotea pigo moja, watu watacheka, basi tutakuwa sawa.

Hukupotea. Uliendelea, ukaipiga vizuri, ile mistari ambayo hakuna aliyetakiwa kuisikia, ukaipiga vizuri kuliko ulivyowahi kuipiga kwenye mazoezi. Na hakuna aliyecheka. Nilikaa pembeni yako mkono wangu unapiga kitu kingine, nikawa nasubiri mtu acheke. Hapo ndipo nikaogopa. Nilirudisha RUKA nikijificha mwenyewe. Sikuwa nakusaidia wewe hata kidogo.

Na hili sijamwambia mtu, hata mke wangu. Ulipoondoka, wiki mbili za kwanza kwenye kiti chako, nilifurahi.

Habari za mama yako sikuzijua. Lakini ningezijua, sijui kama penseli ingetoka mfukoni. Naandika hivyo kwa sababu umetaka nusu yote.

Lifti


25 Aprili

Kwako uliyekuwa ukiitwa mjomba na mimi,

Ni binti yake anayeandika. Mama hajui, au anajua na ananiacha.

Barua yako ya mwisho aliisoma akiwa amesimama dirishani. Akaikunja, akanipa, akasema soma, na ya kabla yake, na ya kabla yake. Nimezisoma zote nne. Ile unayomwambia akae kwenye mkeka nimeisoma mara mbili, kwa sababu sikuamini kuna mtu anayejua kamba iko shingoni mwa mwenzake, na mwenye kufunga ni yeye, halafu anampa ushauri wa namna ya kukaa.

Unajua nimeona nini mimi? Nimemwona mama akibandika karatasi kwenye kila mlango wa nyumba yangu. Jiko, zima. Mlango, funga. Mtoto, analala hapa. Nilikwenda naye kwa daktari nikamsikia akimbishia daktari kwamba yeye ni mgonjwa. Nilimchukia kidogo, sitakuficha. Niliona hataki kumbeba mwanangu. Nilifikiri ni kisasi kwa sababu nilihama mbali.

Mama hajaomba lolote. Haya ni yangu mimi. Jumamosi ijayo simama mbele ya okestra yote useme. Sitaki useme umefuta kwa bahati mbaya. Useme ulijua, na penseli ilikuwa wapi, na ulimjibu nini alipokuuliza. Wale watu waliona mama yangu akisimamisha wimbo, na nusu yao wanafikiri amezeeka vibaya. Mama aliposhona sare za okestra yenu nzima kwa wiki mbili hakuna aliyefikiri hivyo.

Kuhusu duka. Fundi mwenzake alifika mapema, tarehe kumi na saba, kabla ya barua yako ya kweli kufika. Mama alisaini. Alikuwa na nusu yako tu mkononi, na nusu haikumtosha kujiamini. Nimeona ulijue hilo pia.

Barua yangu ya kuacha kazi bado iko juu ya kabati.

Binti wa Fundi Cherehani


3 Mei

Dada, na binti,

Jana nimesema.

Nilisimama kabla hatujaanza. Mwalimu alidhani nataka kutangaza zamu za chai, akaniambia fanya haraka. Daktari wa Meno akasema huyo leo kapanda hadi ghorofa ya juu. Wakacheka. Nikasubiri wamalize. Nikasema nilivyokuandikia, mwanzo hadi mwisho, na penseli, na jibu. Selo niliishika kama mzee anavyoshika fimbo. Ile ya kufurahi kwenye kiti chako nayo nilisema. Hukuniagiza, binti, lakini nilishaanza kusema nikaona haibaki.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mapacha walitazamana. Mmoja wao, yule mrefu, akasema yeye alimwambia mkewe Novemba ile kwamba Fundi Cherehani amekwisha, na sasa itabidi arudi akamwambie mkewe kitu kingine. Daktari wa Meno alifunga fidla yake kwenye sanduku polepole, akasema, "Ule mzaha wa lifti niliurudia mimi mwezi mzima. Ungenipiga mimi." Halafu akatoka.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu. "Muda nilioongea ulikutosha?" Nikasema ulinitosha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema leo hakuna mazoezi, watu warudi nyumbani. Tulipobaki wawili nikamwambia nitaondoka. Akasema hilo halimhusu, mwenye haki ya kunifukuza hayupo humu ukumbini, na atakuandikia akuulize. Nilipanga viti vyote mwenyewe, vile vidogo, arobaini na viwili.

Kiti cha mbele nimekiacha. Kipande cha Juni amepewa yule Pacha mfupi.

Kuhusu duka. Nimekwenda kuliona. Ubao wa nje umeshapakwa rangi nyingine. Nilimkuta fundi mwenzako, nikamweleza na yeye. Akaniambia karatasi zimesainiwa na yeye ana watoto.

Naomba msamaha wako. Najua naomba kitu kikubwa. Sijui kuomba vingine.

Lifti


16 Mei

Kwako, fundi wa lifti,

Barua hii sikuinakili daftarini.

Mwalimu ameniandikia anauliza akufukuze au akuache. Nimemjibu akuache. Si huruma, usinielewe vibaya. Nataka uende pale kila Jumamosi, ukae, utazamane nao, na wao wakutazame, na mwendelee kupiga. Ukiondoka utakuwa umepata pa kujificha.

Duka sitalidai. Fundi mwenzangu hana kosa, na amelipa kwa jasho miaka tisa. Nitaanza tena huku, kwenye chumba cha mbele, nikipata cherehani. Nitakuwa nakaribia miaka hamsini na nane nikianza tena. Hilo ni lako, lichukue.

Binti amekwenda kazini tarehe nne. Asubuhi aliondoka mara tatu, mara mbili akarudi, mara amesahau mwavuli, mara amesahau alichorudia. Nikamwambia mwanangu, katika nyumba hii mwenye kusahau sasa ni wewe, nenda. Tukacheka, mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Akaenda.

Nikabaki na mtoto kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Saa ya kwanza sikukaa, nilisimama karibu na kitanda chake kama mlinzi wa benki. Akalia. Mikono ilianza kurudi nyuma yenyewe, imezoea. Nikaitoa. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Ana harufu ya maziwa na nguo iliyopigwa pasi. Nilimbeba mpaka mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikambadilisha, nikambeba tena. Alikula, akalala, akajichafua, nikamsafisha. Sikuandika popote. Saa kumi binti akafungua mlango amekimbia, anahema, akaniuliza kumetokea nini leo. Nikamwambia hakuna. Nilimwambia kweli, hakuna kilichotokea siku nzima, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama hiyo.

Zile karatasi za milangoni nimezibandua jana. Zimeng'oka na rangi, binti ananung'unika.

Kisha usiku wa kuamkia leo nilimwota mama. Nimeamka nikakaa kitandani nikajiuliza tarehe, mwezi, jina la mjukuu, jina la mtaa. Nilikuwa nayo yote. Lakini nilijiuliza. Kabla yako nilikuwa nalala tu, sijiulizi. Wewe umenirudishia akili yangu baada ya kuichukua, ni sawa, lakini imerudi na mlinzi, na huyo mlinzi halali. Sijui ataondoka lini.

Msamaha ulioomba sina. Nimeutafuta, maana sipendi kukaa na kitu cha watu, lakini sina. Ukipatikana nitakuandikia. Usiniandikie wewe kuuliza kama umepatikana.

Na nisipokuandikia, ujue sijasahau.

Fundi Cherehani